Karani wa Dublin aliyewapa walei kazi

Katika parokia nyingi za Kenya, Tanzania na Uganda, mara moja kwa wiki hukutana kikundi kidogo cha waumini ambacho mpita njia anaweza asikitambue. Watu wanane, kumi, kumi na wawili. Meza imetandikwa kitambaa cheupe. Juu yake kuna sanamu ya Bikira Maria, mishumaa miwili na vyombo viwili vya maua. Wanapiga magoti, wanasali rozari, kisha katibu anafungua daftari na kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Halafu linakuja jambo lenyewe. Kila mmoja, kwa zamu yake, anaeleza alichofanya wiki ile: alimtembelea nani, alikwenda na nani, walipokelewaje, mgonjwa wa wodi ya wanaume anaendeleaje. Aliyekuja mikono mitupu husema hivyo mbele ya wenzake.

Hao ni Lejio ya Maria. Utaratibu wote huo, kuanzia mahali pa kuweka mishumaa hadi mfuko wa sadaka unaopitishwa bila mtu kujua mwenzake katoa kiasi gani, ulianzia Dublin, mji mkuu wa Ireland, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Aliyeusimamia na kuuandika hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa karani wa serikali, mseja, mpenda baiskeli, na jina lake ni Frank Duff.

Alizaliwa Dublin tarehe 7 Juni 1889, mtoto wa kwanza katika familia ya watoto saba. Baba na mama yake walikuwa watumishi wa serikali, watu wa maisha ya kati, na mtoto wao alipelekwa kusoma Blackrock College, shule ya Mapadri wa Roho Mtakatifu. Msomaji wa pwani yetu analifahamu shirika hilo: ndilo lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Kijana alikuwa na akili ya masomo na wengi walitarajia angeendelea chuo kikuu. Baba yake akaugua, kipato cha nyumba kikapungua, na mwaka 1908 Frank, akiwa na umri wa miaka 18, akaingia kazini serikalini. Alianzia Tume ya Ardhi, baadaye akahamia Wizara ya Fedha. Kwa miaka ishirini na kitu alikula mkate wake kwa kalamu na mafaili.

Hadi mwaka 1913 dini yake ilikuwa ya mtu wa kawaida anayekwenda misa na kurudi nyumbani. Mwenzake wa ofisini ndiye aliyemwingiza katika Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kinachotembelea maskini majumbani mwao, na hapo ndipo alipoiona Dublin ambayo hakuwa ameijua. Majumba makubwa yaliyowahi kukaliwa na matajiri yalikuwa yamegawanywa chumba kwa chumba, familia nzima ikilala, ikipika na kuugulia katika chumba kimoja. Duff alianza kutumia jioni zake huko. Mwaka 1916 alitoa kijitabu kidogo alichokiita kwa swali: je, tunaweza kuwa watakatifu? Jibu lake lilikuwa ndiyo, na aliwaandikia makarani, wauza duka na mama wa nyumbani, watu ambao mahubiri ya wakati ule yaliwachukulia kama kundi la kuchungwa tu.

Mwaka uliofuata alisoma kitabu cha Mtakatifu Louis de Montfort juu ya ibada ya kweli kwa Bikira Maria. Mara ya kwanza aliona kinatia chumvi. Rafiki yake akamsihi akirudie, naye akakirudia tena na tena mpaka kikamkaa. Kutoka humo alichukua wazo litakaloshika maisha yake yote: anayejitoa kwa Maria anajitoa pia kwa kazi ya Maria, na kazi hiyo ni kumpeleka Kristo kwa watu. Kwa Duff, ibada isiyomtoa mtu nje ya mlango ilikuwa na upungufu.

Jioni ya Jumatano, tarehe 7 Septemba 1921, mkesha wa sikukuu ya kuzaliwa Bikira Maria, wanawake wapatao kumi na watano walikusanyika Myra House, nyumba ya shughuli za kanisa katika mtaa wa Francis. Wengi walikuwa wasichana wafanyakazi. Pamoja nao walikuwapo Padri Michael Toher na Duff, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 32. Wanaume wa Chama cha Mtakatifu Vinsenti walikuwa wakitembelea hospitali. Wanawake hawa walitaka nao wawe na sehemu yao. Mmoja aliwahi kufika mapema akaandaa meza, na jinsi alivyoipanga jioni ile ndivyo inavyopangwa hadi leo. Walimchagua Elizabeth Kirwan kuwa rais wao. Kazi ya kwanza ikawa kuwatembelea wagonjwa wanawake katika hospitali ya South Dublin Union, makazi ya mafukara yaliyokuwa yakiogopwa mjini, wakienda wawili wawili kila wiki.

Hapa pana jambo linalostahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndilo siri ya uhai wa chama hiki. Mikutano ya sala ilikuwapo Dublin kwa wingi. Watu wa huruma hawakukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza wiki inayofuata: ulikwenda? Duff alileta ndani ya sala nidhamu ya ofisi. Kila kikao kina orodha ya mahudhurio, kumbukumbu zilizoandikwa, hesabu ya fedha, na ripoti. Kila mwanachama anapangiwa kazi maalumu, ya saa mbili hivi kwa wiki, na hachagui mwenyewe aipendayo. Anapangiwa na rais. Hakuna anayekwenda peke yake. Kikao hakivuki saa moja na nusu. Viongozi hukaa madarakani miaka mitatu, wanaweza kuchaguliwa tena mara moja tu katika nafasi ileile, basi. Ni kanuni zinazoonekana kavu, na ndizo zilizowezesha kikundi cha wasichana wa Francis Street kuigwa Seoul, Manila, Lagos na Kisumu bila kupoteza sura. Mtu mwenye karama kubwa ya kuhubiri huacha wafuasi. Karani huyu aliacha utaratibu ambao hata watu wasio na karama yoyote ya pekee wanaweza kuushika na kuufanyia kazi.

Mwanzoni kikundi kiliitwa Chama cha Mama Yetu wa Huruma. Mwaka 1925 ndipo kilipochukua jina la Lejio ya Maria, na pamoja nalo msamiati wa jeshi la Kirumi: kikundi cha chini ni presidiamu, juu yake kuria, halafu komisio, rejia na senatus, na kilele chake ni Konsilio, baraza kuu lililoko Dublin.

Kiangazi cha mwaka 1922 ndicho kilichoonyesha Duff alikuwa mtu wa namna gani. Ireland ilikuwa imeingia vita vya wenyewe kwa wenyewe, risasi zikisikika katikati ya mji. Karibu na Francis Street palikuwa na nyumba za kupanga walimoishi wanawake waliojiuza, na walejio wakaanza kubisha hodi huko. Wanawake hawakuwafukuza. Waliwaeleza ukweli mchungu: tukiacha kazi hii leo, kesho tutakula nini na tutalala wapi? Mahubiri hayakuwa na jibu la swali hilo. Duff akaandaa mafungo ya siku chache katika nyumba ya masista huko Baldoyle, pembeni ya mji, huku akihangaika kutafuta mahali watakapokaa wanawake hao yakiisha. Akamwendea W. T. Cosgrave, waziri aliyeshughulikia serikali za mitaa, ambaye muda mfupi baadaye aliongoza serikali ya nchi. Jengo likapatikana, namba 76 Harcourt Street, nalo likafunguliwa kama hosteli ya Sancta Maria. Wanawake walitoka mafungoni wakaenda moja kwa moja kwenye vitanda vyao vipya.

Kisha wakaelekea Monto. Mtaa huo ulikuwa mmoja wa mitaa mikubwa ya madanguro barani Ulaya, ukilindwa na ukimya wa wakubwa kwa miongo mingi. Walejio wanawake, wengine wakiwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, walipita mlango kwa mlango, wakirudi wiki baada ya wiki, mpaka baadhi ya wanawake wakakubali kuhamia Harcourt Street na baadhi ya wenye madanguro wakafunga. Machi 1925 polisi walifanya msako mkubwa, na Monto ya zamani ikawa imefika mwisho. Inasemwa mara nyingi kwamba polisi ndio waliomaliza kazi, na ni kweli kwa sehemu. Lakini msako bila mahali pa kwenda ungewahamishia wanawake hao mtaa wa pili tu.

Mwaka 1927 ilifunguliwa hosteli ya Morning Star kwa wanaume wasio na makazi, na mwaka 1930 Regina Coeli kwa wanawake. Hii ya pili inahitaji kusimuliwa zaidi. Katika Ireland ya siku zile, msichana aliyezaa nje ya ndoa alipelekwa katika taasisi maalumu, na mara nyingi mtoto alichukuliwa akapewa wengine wamlee. Regina Coeli ilishika njia nyingine: mama alikaa na mtoto wake, akatoka kwenda kazini, na mwanawe akabaki akitunzwa na wenzake. Duff alishikilia kwamba mtoto ni wa mama yake, na alishikilia hivyo wakati serikali na sehemu kubwa ya uongozi wa Kanisa viliona vingine. Ripoti ya tume ya serikali ya Ireland kuhusu nyumba za akina mama na watoto, iliyotolewa Januari 2021, iliitaja Regina Coeli kuwa ya pekee kwa jambo hilo. Ripoti hiyohiyo haikuficha upande wa pili: jengo lilikuwa kuukuu, ruzuku ilikuwa haba, na katika baadhi ya miaka watoto wachanga wengi walifariki humo. Mambo yote mawili ni ya kweli na anayemheshimu Duff hana budi kuyaweka pamoja mezani.

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 45, aliacha kazi ya serikali ili aitumikie Lejio kwa muda wake wote.

Isidhaniwe kwamba maaskofu wa Dublin walimshangilia. Mlei anayeanzisha kazi, anayesimamia hosteli, anayeandika kitabu cha mwongozo na kutuma wajumbe ng'ambo alikuwa kitu kigeni, na Askofu Mkuu Edward Byrne alimtazama kwa mashaka kwa miaka mingi. Mrithi wake, John Charles McQuaid, hakuwa mwepesi zaidi. Katika miaka ya mwanzo ya 1940 Duff na wenzake walianzisha Mercier Society, jukwaa la Wakatoliki na Waprotestanti kukaa pamoja na kuzungumza imani zao, na jingine la mazungumzo na Wayahudi. McQuaid hakulikubali wazo hilo, na majukwaa yote mawili yakafungwa. Katika ujana wake Duff mwenyewe alikuwa amesimama nje ya nyumba walikogawa chakula Waprotestanti ili kuwazuia Wakatoliki maskini wasiingie. Safari aliyoitembea kutoka hapo hadi meza ya mazungumzo ni ndefu, na aliitembea miaka ishirini kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Alipozuiwa alitii, akaendelea na mengine. Kibali cha nje kilimfikia mapema kuliko cha nyumbani: mwaka 1931 alipokewa Roma na Papa Pius XI, na miaka miwili baadaye Papa huyo akaibariki Lejio rasmi.

Kwa Afrika Mashariki, habari hii ina sura ya mwanamke. Edel Quinn alizaliwa mwaka 1907 karibu na Kanturk, jimbo la Cork. Alikuwa katibu muhtasi katika kampuni ya vigae mjini Dublin, mchangamfu, mcheza tenisi, aliyekataa posa ya mwajiri wake Mfaransa kwa sababu alikusudia kuingia utawa wa Klara Maskini. Mwaka 1932 kifua kikuu kikamkamata. Alikaa sanatorio miezi kumi na minane bila kupona, akatoka kwa kuwa hakutaka kuendelea kuilia familia yake fedha. Utawa ukawa umefungwa kwake. Akajitolea kuwa mjumbe wa Lejio.

Maombi ya mjumbe yalikuwa yametoka kwa Askofu John Heffernan, Mwairishi wa Shirika la Roho Mtakatifu aliyekuwa Vikari wa Kitume wa Zanzibar. Wakati huo Nairobi na Mombasa zilikuwa chini ya vikariati hiyo. Katika kikao cha Konsilio baadhi ya viongozi, miongoni mwao mapadri, walisimama kupinga: kumpeleka binti mgonjwa wa mapafu peke yake Afrika ni kumpeleka akafe. Edel akaomba asizuiwe. Alijua anakokwenda hakukuwa matembezini. Duff akawa upande wake. Oktoba 1936 aliondoka Dublin, na Novemba akashuka Mombasa.

Aliyoyakuta Nairobi yangemvunja moyo mtu mzima wa afya. Mji uligawanywa kwa rangi hata ndani ya kanisa: Wazungu kwao, Wagoa kwao, Waafrika kwao. Wengi walimshauri aunde Lejio tatu zisizokutana. Vikundi vya mitaa na lugha aliviacha viwe vilivyo, kwa kuwa watu walisali kwa lugha zao, lakini kwenye kuria, baraza la viongozi, alisimama imara kwamba wote wakae meza moja. Katika Kenya ya mwaka 1937 hilo lilikuwa tendo zito kuliko hotuba. Kutoka Nairobi alizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, akafika Nyasaland na Mauritius, kwa gari kuukuu la Ford alilolitania kwa kuliita Rolls-Royce, kwa malori, kwa treni, nyakati nyingine akishuka kulisukuma gari kwenye tope. Sala za Lejio zilitafsiriwa kwa lugha moja baada ya nyingine. Kila alikopita aliacha rais, katibu, mtunza hazina na daftari, wote wenyeji, kisha akaondoka. Katekista, mkulima, mke wa karani wa reli: hao ndio waliobaki na kazi.

Mwaka 1941 mwili ulimshinda akiwa Nyasaland. Alipelekwa sanatorio Johannesburg, akapungua uzito mpaka akabaki mifupa, lakini mwanzoni mwa 1943 alikuwa amerudi Nairobi akiandika barua kitandani. Alifariki tarehe 12 Mei 1944, akiwa na umri wa miaka 36. Alizikwa Nairobi, katika makaburi ya wamisionari ya St. Austin's, Msongari, karibu na kaburi la Askofu Joseph Shanahan, mtume wa Nigeria ya kusini mashariki, aliyekuwa amefariki mjini humo miezi michache kabla yake. Mwandishi wa kitabu mashuhuri cha maisha yake ni Léon-Joseph Suenens, ambaye baadaye alikuwa kardinali na mmoja wa wasanifu wakuu wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano.

Mbegu hiyo ilizaa hata ambacho hakikutarajiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika nchi ya Waluo huko Nyanza, Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko waliongoza vuguvugu lililojitenga na Kanisa Katoliki na kuwa kanisa kamili linalojulikana kama Legio Maria. Jina lake linatokana na Lejio, na baadhi ya waumini wake wa kwanza walikuwa wamepitia humo. Ni vitu viwili tofauti, na mgeni akiwaona watu wenye kanzu za rangi huko Kisumu asidhani ni wanachama wa chama cha Duff. Lakini tukio hilo lina funzo kwa mwanahistoria: waliofundishwa kuongoza vikao vyao, kuombea wagonjwa na kwenda nyumba kwa nyumba hawakurudi kirahisi kuwa wasikilizaji tu.

China nako watawala waliliona hilo. Mwaka 1951 serikali ya kikomunisti iliitangaza Lejio kuwa ya wapinga mapinduzi. Wanachama wengi walifungwa, na Padri Aedan McGrath, Mwairishi aliyeieneza nchini humo, alikaa gerezani karibu miaka mitatu. Hapakuwa na silaha wala fedha. Vikundi vidogo vya walei vinavyojiendesha vyenyewe hata padri akikamatwa ndivyo vilivyowatia hofu.

Mwaka 1965 Papa Paulo VI alimwalika Duff kwenye Mtaguso kama mwangalizi mlei. Alikuwa na umri wa miaka 76. Kardinali John Heenan wa Westminster, alipokuwa akizungumza juu ya utume wa walei, aliwatangazia maaskofu kwamba Frank Duff yumo ukumbini. Maaskofu zaidi ya 2,000 kutoka pande zote za dunia, wakiwamo waliomfahamu kupitia walejio wa vijiji vyao, walisimama na kumpigia makofi mzee huyo aliyeshindwa kupata usikivu kamili katika jimbo lake mwenyewe. Tarehe 18 Novemba mwaka huo Mtaguso ulipitisha hati ya utume wa walei, inayosema kwamba mlei anaitwa na Kristo mwenyewe kwa ubatizo na kipaimara. Walejio walikuwa wakiliishi neno hilo tangu mwaka 1921.

Alirudi kwenye nyumba yake ndogo jirani na Regina Coeli, kwenye barua na baiskeli. Akiwa na miaka zaidi ya 80 bado alikwenda likizo za baiskeli na marafiki kila mwaka, kamera shingoni. Alifariki tarehe 7 Novemba 1980, akiwa na umri wa miaka 91, akazikwa Glasnevin.

Kuna kanuni moja ya Duff inayosumbua wengi katika mazingira yetu: mlejio haruhusiwi kugawa msaada wa vitu. Haendi na kilo ya unga wala nauli. Unamtembeleaje mjane asiye na chakula kwa mikono mitupu? Wapo wanaoiona kanuni hiyo kuwa ya watu walioshiba. Duff aliyeiandika alikuwa mtu wa Chama cha Mtakatifu Vinsenti, na hakuacha kuwapeleka wenye njaa kwa wenye jukumu la kuwalisha. Alichokiona ni kwamba anayegawa hufunguliwa mlango kwa sababu ya kifurushi, na maskini asiyepata safari hii humwona mgeni kuwa mbaguzi. Alitaka mgeni aje awe mgeni, aketi, asikilize, arudi tena. Kwa maoni ya mwandishi huyu kanuni hiyo bado ina nguvu, ila tu parokia iwe na mkono mwingine unaogawa: Karitasi, jumuiya ndogondogo, chama cha wanawake Wakatoliki WAWATA. Pasipo mkono huo, kikundi kinaweza kujificha nyuma ya kanuni.

Hatari kubwa zaidi iko upande mwingine. Zipo presidiamu ambazo rozari husaliwa vizuri, sala ya Katena husimamiwa kwa heshima, kisha zamu ya ripoti ikifika kila mmoja husema amehudhuria misa na mazishi. Vijana wakiona hivyo huhitimisha kwamba Lejio ni ya wazee. Walioianzisha walikuwa wasichana walioingia Monto. Wafungwa, wagonjwa wa akili, wasichana waliofukuzwa nyumbani kwa ujauzito, vijana wa vijiweni: wote hao wapo ndani ya mipaka ya parokia yoyote ya mjini leo, na kitabu cha mwongozo kinamtaka mlejio aanze na wale ambao wengine wamewakatia tamaa.

Mchakato wa kumtangaza Frank Duff mtakatifu ulifunguliwa Dublin mwaka 1996, naye anaitwa Mtumishi wa Mungu. Edel Quinn amemtangulia: tarehe 15 Desemba 1994 Papa Yohane Paulo II alitambua rasmi kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa. Ili atangazwe mwenyeheri inahitajika muujiza mmoja uliothibitishwa, na sala za kuuomba zinasaliwa Dublin na Nairobi pia.